Mwanga Hutangulia: Kasoro ya Namna Tunavyousaka Mmweko wa Milipuko ya Redio

Chukua mlipuko wa kasi wa redio, yaani mpigo wa mawimbi ya redio wa milisekunde chache kutoka mbali angani, ule ambao wataalamu huuandika kwa herufi FRB, ambao mawimbi yake yamepita katikati ya elektroni nyingi njiani hadi kipimo chake cha mtawanyiko kikafika 560. Si kiwango cha ajabu. Ni karibu sawa na cha FRB 121102, chanzo kilichochunguzwa kuliko karibu vyote. Zidisha 560 kwa milisekunde 4.15, kisha gawanya kwa mraba wa masafa ya redio yaliyopimwa kwa gigahezi. Kwa gigahezi 1.4 unapata sekunde 1.2. Kwa megahezi 600 unapata sekunde 6.5. Kwa megahezi 400 unapata sekunde 14.5. Huo ndio muda ambao mawimbi ya redio yanachelewa nyuma ya mwanga uliotoka pamoja nayo. Mwanga wenyewe, kwa kuwa masafa yake ni makubwa mno, hauchelewi hata kwa bilioni moja ya sekunde.

Kwa hiyo, kama mlipuko ulitoa mmweko wa mwanga wakati uleule, mmweko huo ulishafika duniani, ukagonga kioo cha kila darubini iliyokuwa ikitazama upande ule, ukapita zake, kabla darubini ya redio haijawa na chochote cha kutangaza. Hakuna roboti, wala mtandao wa kupashana habari, utakaouwahi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Na hapa tumechelewa kabla hatujaanza.

Nalitanguliza hili kwa sababu sehemu kubwa ya msako wa mwanga wa FRB bado ina sura ya kukimbiza. Tangazo linatoka, darubini inageuzwa, picha inapigwa dakika kumi au saa kumi baadaye, kisha ripoti inaandikwa kwamba hakuna kilichoonekana hadi daraja fulani la mwangaza. Ripoti ya namna hiyo inajibu swali jingine, na ni swali halali: je, kuna supanova (nyota iliyolipuka) au masalia yanayong'aa kwa siku kadhaa mahali pale? Kwa swali la mmweko wa milisekunde haina jibu lolote ndani yake. Hata hivyo inahesabiwa kwenye orodha ileile ya "hakuna mwanga", na msomaji asiye na habari huanza kuamini kwamba anga limeshaulizwa mara nyingi na limekataa. Halijaulizwa. Mara ambazo darubini ya mwanga na ya redio zilikuwa zinatazama nukta moja, sekunde moja, mlipuko ukitokea, na kamera ikiwa na kasi ya kutosha, ni chache mno.

Milipuko hii haina historia ndefu. Wa kwanza ulinaswa na darubini ya Parkes, Australia, tarehe 24 Julai 2001, ukalala kwenye kumbukumbu hadi Duncan Lorimer na wenzake walipoutangaza mwaka 2007. Mwaka 2016 ilithibitika kwamba FRB 121102 hurudia, na mwaka 2017 ikapatiwa anwani: galaksi ndogo iliyo umbali unaozidi miaka ya nuru bilioni 2. CHIME ya Kanada, darubini isiyogeuka, yenye mabakuli manne marefu kama mifereji, kila moja mita 20 kwa 100, ilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 2021 ikiwa na milipuko 536. Katikati ya hayo, tarehe 28 Aprili 2020, magnetari iitwayo SGR 1935+2154, iliyo ndani ya galaksi yetu wenyewe, ilitoa mlipuko wa redio mkali kuliko wowote uliowahi kupokelewa wa aina hii, ukiambatana na mlipuko wa eksirei. Tangu siku hiyo, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali imekuwa mshukiwa wa kwanza.

Kumjua mshukiwa si kujua alivyotenda. Kambi moja ya wananadharia inasema mawimbi ya redio yanatoka karibu na nyota, ndani ya eneo linalotawaliwa na usumaku wake. Nyingine inasema yanatoka mbali zaidi, pale wimbi la mshtuko linapogonga upepo uliotangulia kutoka kwenye nyota hiyohiyo. Mwanga unaweza kuzitenganisha. Andrei Beloborodov alikokotoa mwaka 2020 kwamba wimbi la mshtuko likiingia kwenye mkia wa upepo wenye joto, linaweza kutoa mmweko wa mwanga wa muda wa chini ya sekunde moja, wenye nishati inayoweza kufika ergi 10 kwa kipeo cha 44. Karibu na nyota, kwa upande mwingine, mwanga unaotarajiwa ni hafifu kiasi kwamba kwa galaksi za mbali hatungeuona kamwe. Kwa hiyo mmweko mmoja tu, wenye muda na nguvu vilivyopimwa sawasawa, ungefunga mjadala ambao maelfu ya milipuko ya redio haijaufunga.

Wala si jambo la kubuni kwamba vitu hivi vinaweza kung'aa. Pulsa ya Kaa, nyota ya nyutroni inayozunguka kwa kasi, inapiga kwa mwanga wa kawaida kila milisekunde 33, jambo lililogunduliwa mwaka 1969, na mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba mapigo yake ya mwanga huongezeka kama asilimia 3 pale pigo kubwa mno la redio linapotokea. Mwaka 2007 kitu kiitwacho Swift J195509.6+261406, kinachoshukiwa kuwa magnetari, kilimweka kwa mwanga zaidi ya mara 40 ndani ya siku 3. Ni vitu vya ndani ya galaksi yetu, ndiyo, lakini vinatosha kuonyesha kwamba msako huu una msingi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kipimo cha kutumia si daraja la mwangaza. Ni fluensi, yaani nguvu ya mwanga ikizidishwa kwa muda wake, na kizio chake ni janski-milisekunde (janski ni kizio cha nguvu ya mawimbi yanayotufikia). Tuseme darubini imepiga picha ya sekunde 30 na kufikia daraja la 20 (kumbuka kadiri namba inavyokua ndivyo nyota inavyofifia). Nyota ya daraja la 20 ina mikrojanski 36. Zidisha kwa milisekunde 30,000: fluensi ni janski-milisekunde 1.1. Mmweko wa milisekunde 1 ungelazimika kuwa na daraja la 8.8 kwenye kilele chake ili uache alama sawa na nyota ile hafifu ya daraja la 20. Tofauti ni zaidi ya madaraja 11, na yote yamemezwa na sekunde 29.999 za anga tupu ambazo kamera iliendelea kuzikusanya bila sababu.

Jibu la haraka ni kufupisha picha. Ni jibu sahihi, ila lina kikomo, na kikomo hicho ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Tazama darubini ya kioo cha mita 1 kwa karibu. Kichujio chake kina upana wa asilimia 20 ya urefu wa wimbi, na nusu ya fotoni zinazofika kwenye kioo zinaishia kuwa elektroni kwenye kihisi. Janski-milisekunde 1 itatoa elektroni zipatazo 1,200. Anga jeusi la daraja la 21 kwa kila sekunde ya tao ya mraba (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), ndani ya duara la kupimia lenye nusu kipenyo cha sekunde 2 za tao, linaleta elektroni kama 216 kila sekunde. Duara hilo linafunika pikseli 50 za nusu sekunde ya tao. Kihisi kikiwa na kelele ya kusoma, yaani kosa dogo linaloingia kila kinaposomwa, ya elektroni 3 kwa pikseli, pikseli zote 50 zinaleta kelele ya elektroni 21 kila fremu inaposomwa, iwe ndefu au fupi.

Kwa picha ya sekunde 30, kelele ya anga ndiyo inayotawala, na kikomo cha sigma 5 (alama yenye nguvu mara tano ya kelele) ni janski-milisekunde 0.35. Kwa fremu ya sekunde 0.1 anga linanyamaza, lakini kelele ya kusoma inabaki palepale: kikomo ni 0.09. Badilisha kihisi uweke chenye kelele ya elektroni 1, ukiacha fremu ileile ya sekunde 0.1, na kikomo kinashuka hadi 0.036, yaani mara kumi bora kuliko ulipoanzia. Sasa ongeza kasi mara 100, fremu za milisekunde 1. Kikomo kinakuwa 0.030. Umepata kitu kidogo sana, na umelipa kwa data mara 100 zaidi.

Kulipa huko hakuishii kwenye diski. Usiku wa saa 5 wenye fremu za sekunde 0.1 una fremu 180,000; kwa kelele iliyotulia vizuri, uwezekano wa fremu moja kuvuka sigma 5 kwa bahati tu ni kama 0.05 kwa usiku mzima. Fremu za milisekunde 1 ni milioni 18 kwa usiku huohuo, na tano zitavuka mstari bila kuwa na kitu chochote ndani yake. Kelele halisi ya kamera haijatulia namna hiyo. Mikia yake ni minene, kwa hiyo zitakuwa nyingi zaidi. Ukiwa na saa ya mlipuko wa redio, unachungulia fremu chache tu za kuzunguka sekunde ile na tatizo linatoweka. Bila saa hiyo, kasi kubwa ni njia ya kujizalishia mimweko ya uongo. Ndiyo maana naona kamera ya fremu 10 hadi 25 kwa sekunde yenye kelele ndogo ina faida kuliko ya fremu 1,000 yenye kelele ya wastani, isipokuwa pale darubini ni kubwa sana, kama kamera ya kasi ya HiPERCAM inapokuwa kwenye kioo cha mita 10.4 cha Gran Telescopio Canarias.

Walioifanya kazi hii vizuri wamefuata takriban njia hiyo. Mwaka 2017 kundi la Hardy lilichapisha matokeo ya kamera ya ULTRASPEC kwenye darubini ya mita 2.4 ya Thailand, fremu za milisekunde 70.7, huku darubini ya redio ya mita 100 ya Effelsberg, Ujerumani, ikiitazama FRB 121102 kwa wakati mmoja. Redio ilinasa milipuko 13. Mwanga haukuonekana, na kikomo kilikuwa janski-milisekunde 0.046. Baadaye, mwaka 2022, kundi la Niino nchini Japani liliiweka kamera ya Tomo-e Gozen, fremu 24.4 kwa sekunde, kwenye darubini ya Kiso ya sentimita 105, sambamba na darubini ya redio ya FAST ya China, wakiitazama FRB 20190520B. Milipuko 11 ilipatikana ndani ya muda wa pamoja. Kikomo bora cha mlipuko mmoja kilikuwa 0.068, na walipozijumlisha fremu za milipuko yote kikashuka hadi 0.029. Kioo cha mita 1 tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejazwa kwa kamera nzuri na kwa kupanga ratiba na watu wa redio.

MAGIC, darubini mbili za mita 17 kule La Palma zilizojengwa kwa ajili ya miale ya gama, zilitumia pikseli ya katikati kupima mwanga kwa kasi wakati darubini ya redio ya Arecibo ikiitazama FRB 121102. Kati ya milipuko 5 ya redio, hakuna hata mmoja uliokuja na mwanga wakati uleule. Kikomo kilikuwa milijanski 8.6 kwa milisekunde 1. Lakini kulikuwa na mmweko mmoja wa milisekunde 12, wenye milijanski 29, uliotangulia mmoja wa milipuko kwa sekunde 4.3. Wakakokotoa uwezekano wa kuupata kwa bahati: asilimia 1.5. Maana yake ukilirudia jaribio lote mara 67, mara moja ungeliona jambo kama hilo bila FRB kuhusika. Waliandika walichokiona, wakaandika asilimia, wakaacha kudai. Huo ndio utaratibu ninaotamani uwe sheria kwa kila mtu.

Sababu ya kuutamani ni kwamba anga la juu yetu limejaa vinavyomweka. Uchunguzi uliofanywa kwa kamera za Evryscope ulikadiria mimweko mifupi inayosababishwa na setilaiti na vipande vyake kuwa kama 1,800 kwa saa kwa anga zima, mingi ikiwa karibu na daraja la 13. Kipande cha chuma kinachozunguka kinaakisi jua kwa sehemu ya sekunde, kinaonekana kama nukta isiyosogea, kisha kinapotea. Mwaka 2020 mmweko ulioonekana upande wa galaksi ya mbali ya GN-z11 ulitangazwa kuwa huenda ni mlipuko wa gama wa enzi za mwanzo za ulimwengu. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba sehemu ya roketi ya Proton ilikuwa imepita palepale.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyofikiri: darubini ya pili. Setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000, ikitazamwa na darubini mbili zilizoachana kilomita 1, itaonekana imehama sekunde 5.7 za tao kati ya picha moja na nyingine. Kilomita 10 zinatoa sekunde 57. FRB haitahama hata kidogo. Darubini mbili za sentimita 50 zilizoachana kilomita chache zinathibitisha zaidi kuliko moja ya mita 1 iliyo peke yake, ingawa moja ya mita 1 itaona kwa kina zaidi. Kwa maoni yangu biashara hiyo inalipa. Na zaidi ya setilaiti, darubini ya pili inaondoa miale ya kosmiki inayogonga kihisi, maana haiwezi kugonga vihisi viwili mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, ya kuutupa mmweko wa kweli. Katika picha ya sekunde 60, nyota zimetanuka kwa sababu hewa imezitikisa kwa muda wote huo na mota za darubini zimeyumba kidogo. Mmweko wa milisekunde 1 haujapata muda wa kutanuka. Utatokea mwembamba kuliko jirani zake, pengine umekaa pembeni kwa sehemu ya sekunde ya tao. Programu ya kusafisha picha inakiona kitu chembamba kuliko nyota, inakiita mwale wa kosmiki, inakifuta na kuziba nafasi kwa wastani wa pikseli za jirani. Hakuna onyo linalotolewa. Mtu anayetafuta FRB kwenye kumbukumbu za picha ndefu anapaswa kurudi kwenye picha ghafi, azime kisafishaji, kisha apandikize mimweko ya bandia yenye wembamba unaotarajiwa aone ni mingapi inasalia mwishoni. Kikomo kilichochapishwa bila jaribio hilo sikiamini.

Saa nayo ina visa vyake. Watu wa redio mara nyingi hutoa muda uliorekebishwa hadi kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa jua, kwa masafa yasiyo na kikomo, yaani ucheleweshaji wa mtawanyiko umeshatolewa. Mtu wa mwanga akiuchukua muda huo kama saa ya kawaida ya dunia, anaweza kukosea kwa zaidi ya dakika 8, kutegemea dunia iko upande gani wa jua. Hata akirekebisha hilo, kuna mtego mdogo zaidi: saa ya hesabu za mfumo wa jua na saa ya UTC, ile ya kawaida ya dunia, zinatofautiana kwa sekunde 69.184 tangu mwaka 2017. Ukiona mtu amechunguza dirisha la sekunde 5 na hakusema anatumia saa ipi, uwezekano ni mkubwa kwamba alichungulia dakika isiyo yake. Umbali kati ya darubini mbili duniani ni jambo dogo kwa kulinganisha: nusu kipenyo cha dunia ni milisekunde 21 za mwendo wa mwanga. Kwa fremu za milisekunde 70 haisumbui sana, kwa fremu za milisekunde 1 ni lazima irekebishwe.

Ndani ya kamera yenyewe hali si shwari pia. Vihisi vingi vya CMOS, aina inayotumika kwenye kamera nyingi za kasi, husoma mstari baada ya mstari, kwa hiyo juu ya picha na chini yake si muda mmoja. Baadhi ya programu huandika muda wa mwanzo wa fremu, nyingine wa mwisho, nyingine muda ambao kompyuta iliipokea fremu. Kompyuta ikizidiwa hudondosha fremu kimya kimya, na kama muda unakokotolewa kwa kuhesabu fremu, kila iliyodondoka inausogeza muda wote unaofuata. Kuna jaribio moja linaloyakamata yote haya: weka taa ndogo ya LED mbele ya kamera, iwashwe na mpigo wa kila sekunde kutoka kwenye kipokezi cha GPS, kwa milisekunde chache kila mpigo. Rekodi kwa saa moja. Kisha angalia mwako umeangukia fremu ipi na mstari upi, mwanzoni mwa saa na mwishoni. Kama umesogea, rekebisha kabla ya usiku wa kazi. Jaribio hili ni la alasiri moja na linastahili kurudiwa kila programu ya kamera inapobadilishwa.

Nimeacha kwa makusudi swali la mahali pa kutazama, kwa kuwa ndilo ninaloona limeamuliwa vibaya kuliko yote. Wengi wanachagua chanzo kinachorudia mara nyingi, kwa sababu kinahakikisha milipuko. Ni sawa kwa kupanga usiku. FRB 20180916B, kwa mfano, ina kipindi cha siku 16.35 na dirisha la siku chache ambamo milipuko hutokea, kwa hiyo unaweza kuomba muda wa darubini miezi kabla. (Angalizo: dirisha hilo hufika mapema kwa masafa ya juu na huchelewa kwa siku kadhaa kwa masafa ya chini, kwa hiyo ratiba ya CHIME si ratiba ya kila darubini ya redio.) Lakini chanzo hicho kinaonekana karibu na ukanda wa galaksi yetu, nyuma ya vumbi zito, na vyanzo vinavyorudia mara nyingi kwa ujumla hutoa milipuko hafifu.

Kinachopima mwanga dhidi ya redio ni uwiano wa fluensi mbili: ya mwanga ikigawanywa kwa ya redio. Umbali hauingii kwenye uwiano huo, wala ukubwa wa darubini peke yake. Mlipuko mkali wa redio unasaidia sawasawa na kioo kikubwa. Kwa mlipuko wa redio wa janski-milisekunde 1, kikomo cha 0.046 kinatoa uwiano wa asilimia 4.6. Sasa linganisha na SGR 1935+2154. Darubini ndogo ya mtandao wa BOOTES ilikuwa inapiga picha ya sekunde 60 pale mlipuko wa tarehe 28 Aprili 2020 ulipofika. Haikuona kitu hadi daraja la 17.9. Vumbi la upande ule linapunguza mwanga kwa madaraja zaidi ya 6, yaani kama mara 300, na baada ya kulirekebisha kikomo kilikuwa janski-milisekunde zipatazo 4,400. Inaonekana ni kikomo kibovu mno. Lakini STARE2, mtandao wa antena ndogo za redio, ilipima fluensi ya redio ya mlipuko ule kuwa janski-milisekunde milioni 1.5. Uwiano ni asilimia 0.3: mara 15 bora kuliko wa darubini ya mita 2.4, kwa picha ndefu, kupitia vumbi, kwa darubini ndogo.

Hapo ndipo pa kuweka nguvu. Njia moja ni kuifanya darubini ya mwanga iwe kivuli cha darubini ya redio, iende nayo kila iendako, kama MeerLICHT ya sentimita 65 kule Sutherland, Afrika Kusini, inavyoifuata darubini ya redio ya MeerKAT ikiona digrii za mraba 2.7 kwa wakati mmoja. Wazo ni zuri kabisa. Picha zake za sekunde 60 ndizo ningezifupisha. Darubini ya Rubin, pamoja na kioo chake cha mita 8.4 na digrii za mraba 9.6, haitasaidia sana kwa mmweko wenyewe: picha zake ni za sekunde 30, na hakuna darubini ya redio inayoifuata.

Njia ya pili ni magnetari za galaksi yetu, ambazo tunazijua kama 30 tu. Ichukue ile darubini ya mita 1 ya hesabu yetu, fremu za sekunde 0.1, kihisi cha elektroni 1. Kikomo cha 0.036 kikizidishwa kwa vumbi la mara 300 kinakuwa janski-milisekunde 11. Dhidi ya mlipuko wa milioni 1.5, uwiano ni kama 7 kwa milioni. Hata kikomo hicho kikiwa kibaya mara kumi zaidi kwa sababu vihisi vya silikoni havioni vizuri kwenye wekundu wa mbali ambako vumbi linapenyeka, bado umebaki na uwiano ambao hakuna FRB ya galaksi nyingine itakayoukaribia. Ukipata kihisi cha infraredi chenye kasi, vumbi lenyewe linapungua hadi chini ya mara tano kwenye mikromita 2.2, ingawa anga la huko linang'aa zaidi na itabidi hesabu ya kelele ifanywe upya.

Na huku hatulazimiki kuchelewa. Tarehe 27 Aprili 2020 SGR 1935+2154 iliingia kwenye dhoruba ya eksirei, milipuko zaidi ya 200 ndani ya dakika 20, na setilaiti zikaitangaza. Mlipuko wa redio ulikuja saa zipatazo 20 baadaye. Dhoruba ya aina hiyo ikianza tena, kwenye magnetari yoyote ile, kamera ya haraka iliyopimwa saa yake kwa LED ielekezwe pale jioni hiyohiyo, ya pili iwekwe kilomita chache pembeni, na zisiondolewe hadi eksirei zitulie.